Kuponya faili lililooza kwenye GlusterFS yenye nakala tatu

Kanda namba 417 ina dakika 22 za taarab. Tuliihamisha kutoka kwenye kaseti hadi FLAC, aina ya faili la sauti, wakati ukungu umeshaanza kuila, na kaseti yenyewe leo haipigiki tena. Siku msikilizaji mmoja alipoleta taarifa kwamba ganuni inakatika katikati ya wimbo, jibu la kwanza ofisini lilikuwa kwamba haiwezekani, faili lipo kwenye seva tatu. Ni kweli lilikuwepo kwenye seva tatu. Ila nakala moja ilikuwa imeoza, na hiyo ndiyo mfumo ulikuwa ukiisoma kila mtu alipolifungua.

Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote anayetunza klasta ya namna hii, yaani seva kadhaa zinazohifadhi mafaili kwa pamoja kupitia programu ya GlusterFS, peke yake, bila fundi mwingine wa kumpigia simu. Bidhaa ya Red Hat iliyojengwa juu ya GlusterFS ilifika mwisho wa huduma mwishoni mwa 2024, lakini programu yenyewe ni huria, na zipo klasta nyingi ambazo bado zimeshika data za watu.

Nakala tatu zinakulinda na nini

Mteja, yaani kompyuta inayotumia mafaili hayo, akiandika faili, GlusterFS hulipeleka kwenye briki zote tatu kwa pamoja. Briki ni folda tu kwenye diski ya kila seva. Seva moja ikiwa imezimika wakati wa kuandika, zile mbili zilizobaki huweka kumbukumbu kwamba mwenzao amekosa maandishi haya na haya. Ikirudi, huduma ya kujiponya husoma kumbukumbu hiyo na kuijaza. Kazi hiyo inafanyika vizuri sana, na watu wengi huishia kuamini kwamba mfumo unajua kila kitu.

Haujui. Wakati wa kusoma, mteja huchukua data kutoka nakala moja na kumpa mtumiaji bila kuilinganisha na zile nyingine. Diski ikigeuza biti mbili tatu kimyakimya, hakuna aliyeandika chochote, kwa hiyo hakuna kumbukumbu, na kwa hiyo hakuna cha kuponya. XFS, mfumo wa mafaili ulio chini ya briki nyingi, hukagua taarifa zake za ndani tu. Yaliyomo kwenye faili lako haiyakagui.

Hatari kubwa inaanzia pale unapoamua kutengeneza. Ukifuta nakala nzima, yaani isiyooza, kwa makosa, mfumo unaweza kuchukua iliyooza na kuijaza mahali pake, na ripoti itasema hakuna tatizo lolote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kutafuta ushahidi. Kurekebisha kwenyewe ni dakika tano.

Katika mifano yangu volumu, yaani hifadhi inayoundwa na briki zote kwa pamoja, inaitwa `taarab`, seva ni `seva1`, `seva2` na `seva3`, na briki ya kila moja ni `/data/briki`. Amri zote ni za root.

Hatua ya 1: Angalia muundo wa volumu yako

```
gluster volume info taarab
```

Tafuta mstari wa `Number of Bricks`. Ukiona `1 x 3 = 3`, una nakala tatu kamili. Ukiona `1 x (2 + 1) = 3`, briki ya tatu ni msuluhishi: ina majina ya mafaili na sifa zake, lakini haina yaliyomo. Hiyo maana yake una nakala mbili tu za data, na hesabu ya ushahidi itabadilika huko mbele.

Angalia pia kama `features.shard` imewashwa. Ikiwa imewashwa, mafaili makubwa yamekatwa vipande, kwa kawaida vya MB 64, na vipande vya pili na kuendelea viko kwenye folda ya `.shard`. Utalazimika kulinganisha kipande kwa kipande.

Hatua ya 2: Tambua ugonjwa wenyewe

Kuna magonjwa matatu yanayofanana kwa nje, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

```
gluster volume heal taarab info
gluster volume heal taarab info split-brain
```

Kisha, kwenye kila seva, soma sifa za ziada za faili moja kwa moja kwenye briki. Kusoma kwenye briki hakuna madhara. Kuandika huko ndiko kunakovunja nyumba.

```
getfattr -d -m . -e hex /data/briki/kanda/0417.flac
```

Mistari inayoanza na `trusted.afr.taarab-client-` ndiyo kumbukumbu niliyoitaja. Hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo `client-1` ni briki ya pili kwenye orodha ya `volume info`. Thamani yake ina tarakimu 24: nane za mwanzo ni za yaliyomo, nane zinazofuata ni za sifa za faili, nane za mwisho ni za majina ndani ya folda. Ukikuta kwenye seva1 kitu kama hiki:

```
trusted.afr.taarab-client-1=0x000000020000000000000000
```

seva1 inasema seva2 imekosa maandishi mawili.

Seva moja au mbili zikiisema ya tatu, na ile ya tatu haimsemi mtu, huo ni uponyaji unaosubiri. Iache huduma ifanye kazi yake, na hakikisha tu kwamba inafanya kweli kwa kutazama `gluster volume status taarab`. Seva zikisemana zenyewe kwa zenyewe, nakala zinakinzana, na hilo nimeliwekea sehemu yake huko chini. Lakini kama sifa hizo zote ni sifuri au hazipo kabisa, `info` inaonyesha `Number of entries: 0`, na bado faili linalalamikiwa, basi unatazama kuoza kwa kimyakimya. Kanda 417 ilikuwa hivyo. Kwa macho ya mfumo ilikuwa na afya kamili.

Hatua ya 3: Linganisha hashi za nakala zote

```
for s in seva1 seva2 seva3; do
  ssh $s sha256sum /data/briki/kanda/0417.flac
done
```

Hashi ni alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo yote ya faili. Kwetu, seva1 na seva3 zilitoa hashi moja, seva2 ikatoa nyingine kabisa. Mbili dhidi ya moja. Ni rahisi kuishia hapo na kwenda kufuta, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza.

La kwanza ni hashi inayoanza na `e3b0c442`. Hiyo ni SHA-256 ya faili tupu. Ukiiona kwenye briki ya msuluhishi, ni sawa, ndivyo anavyokuwa, na kura yake haihesabiwi. Ukiiona kwenye briki ya data, una tatizo lingine.

La pili limenifundisha kuwa mvumilivu. Linux huweka mafaili yaliyosomwa karibuni kwenye RAM, kwa hiyo `sha256sum` inaweza kukupa hashi ya kilichomo kwenye RAM badala ya kilichoko kwenye diski. Safisha kwanza, kisha pima upya:

```
sync
echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
sha256sum /data/briki/kanda/0417.flac
```

Fanya hivyo mara mbili au tatu kwenye seva inayoshukiwa. Hashi ikibaki ileile ya makosa, diski ndiyo yenye data mbovu. Hashi ikibadilika kila unapopima, au ikarudi kuwa sahihi baada ya kusafisha, usiguse faili. Una RAM mbovu, waya uliolegea au kidhibiti cha diski kinachokufa, na chochote utakachoandika kwenye seva hiyo leo kinaweza kuharibika kikipita njia hiyohiyo. Izime, ipime RAM kwa memtest, kisha urudi.

Hatua ya 4: Tafuta ushahidi usiotegemea kura

Kura mbili kwa moja zinatosha mara nyingi, lakini hazitoshi ukiwa na msuluhishi, maana hapo ni moja kwa moja. Wala hazitoshi kama faili liliharibika kabla halijaingia kwenye klasta, kwa sababu nakala zote tatu zitakubaliana juu ya uharibifu uleule. Kwa hiyo liulize faili lenyewe.

Mafaili mengi hubeba njia ya kujithibitisha. FLAC ina hashi ya MD5 ya sauti nzima pamoja na ukaguzi wa kila kipande kidogo cha sauti, na ndiyo sababu mojawapo niliyoitetea dhidi ya WAV tulipoanza kuhamisha kanda. Amri ni `flac -t`, na inasoma tu:

```
flac -t /data/briki/kanda/0417.flac
```

Kwenye seva1 na seva3 ilijibu `ok`. Kwenye seva2 ilitoa mstari wenye `FRAME_CRC_MISMATCH`. Sehemu ile iliyoshindwa ndipo ganuni ilipokuwa ikikatika: kitambo kifupi cha ukimya, halafu nyuzi zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya hapo hakukuwa na mabishano. Kwa mafaili ya zipu tumia `unzip -t`, kwa gzip `gzip -t`, kwa video `ffmpeg -v error -i faili -f null -`. Hifadhidata zina vikaguzi vyao. Faili la maandishi matupu halina kinga yoyote, na hapo ni bakapu itakayoamua.

Kama ulikuwa umewasha ukaguzi wa kuoza wa GlusterFS, ambao umekuwepo tangu toleo la 3.7 la 2015, una shahidi bora zaidi. Katika majibu ya `getfattr` tafuta `trusted.bit-rot.signature`. Tarakimu 64 za mwisho ni SHA-256 ya faili siku lilipotiwa sahihi. Kwa faili ambalo halijaandikwa tena tangu hapo, ziweke kando ya jibu la `sha256sum`: zikilingana, nakala hiyo ni nzima. Na ukikuta `trusted.bit-rot.bad-file`, mkaguzi ameshaitia alama nakala hiyo kuwa mbovu, na GlusterFS haiwapi tena wateja data kutoka hapo.

Hatua ya 5: Pima diski kabla ya kuirudishia data

```
smartctl -a /dev/sdb
dmesg -T | grep -iE 'sdb|xfs|ata|error'
```

Kwenye diski za kuzunguka angalia `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`. Namba ya katikati ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu za diski ambazo hazisomeki na bado hazijabadilishwa. Mimi diski ya namna hiyo siirudishii data. Nainunulia mbadala, naweka mpya, natengeneza mfumo wa mafaili, kisha:

```
gluster volume reset-brick taarab seva2:/data/briki start
# badilisha diski hapa
gluster volume reset-brick taarab seva2:/data/briki seva2:/data/briki commit force
```

Briki nzima itajazwa upya kutoka kwa wenzake. Kabla hujafanya hivyo, hakikisha mafaili yanayoshukiwa ni mazima kwenye hizo nyingine, kwa njia ya hatua ya 3 na ya 4.

Kama diski ni nzima, jiulize umeme. Kidhibiti cha RAID chenye akiba ya kuandikia lakini betri yake imekufa kitapoteza maandishi kila umeme unapokatika ghafla, na huku kwetu hilo halihitaji maelezo.

Hatua ya 6: Ondoa nakala iliyooza

Waombe watumiaji waache kuandika kwenye faili hilo. Kisha, kwenye seva mbovu pekee, na hapa soma jina la seva kwenye terminali yako kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter, weka pembeni nakala unayotaka kuiondoa:

```
hostname
mkdir -p /root/wagonjwa
cp /data/briki/kanda/0417.flac /root/wagonjwa/
```

Nakala ya pembeni ina kazi. Ukigundua baadaye kwamba ulikosea, hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.

Sasa, kila faili kwenye briki lina jina la pili ndani ya folda ya `.glusterfs`, linalotokana na GFID yake, yaani namba ya utambulisho ya faili ndani ya GlusterFS. Majina yote mawili ni ya faili lilelile. Ukifuta moja na kuacha jingine, hujafuta kitu. Soma GFID:

```
getfattr -n trusted.gfid -e hex /data/briki/kanda/0417.flac
trusted.gfid=0x8f3b1c62d0a94e7fa15562c04be79d38
```

Tarakimu mbili za kwanza ni folda, mbili zinazofuata ni folda ndani yake, halafu jina zima kwa mpangilio wa 8-4-4-4-12. Usilikokotoe kwa kichwa tu, liache `find` likuthibitishie:

```
find /data/briki -samefile /data/briki/.glusterfs/8f/3b/8f3b1c62-d0a9-4e7f-a155-62c04be79d38
```

Unatarajia mistari miwili. Ikitokea mitatu au zaidi, faili lina majina mengine yaliyotengenezwa na mtumiaji, na yote lazima yaondolewe pamoja. Kisha:

```
rm /data/briki/kanda/0417.flac
rm /data/briki/.glusterfs/8f/3b/8f3b1c62-d0a9-4e7f-a155-62c04be79d38
```

Hapa tu ndipo tunapogusa briki kwa mkono. Usijaribu kunakili nakala nzima kutoka seva1 kwenda kwenye briki ya seva2 kwa `scp`. Faili litafika bila sifa zake, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Hatua ya 7: Uamshe uponyaji

Ulifuta nyuma ya mgongo wa GlusterFS, kwa hiyo kwenye kumbukumbu zake hakuna kazi inayosubiri. Inabidi mteja alitafute faili ndipo mfumo ugundue kwamba briki moja haina. Pachika volumu upya bila akiba ya majina, ili jibu lisitoke kwenye kumbukumbu ya zamani ya mteja:

```
mkdir -p /mnt/uponyaji
mount -t glusterfs -o attribute-timeout=0,entry-timeout=0 seva1:/taarab /mnt/uponyaji
stat /mnt/uponyaji/kanda/0417.flac
gluster volume heal taarab
gluster volume heal taarab info
```

Faili la MB mia moja hurudi kwa muda mfupi. Lisiporudi, tumia `gluster volume heal taarab full`, lakini fahamu kwamba amri hiyo hupitia kila faili kwenye volumu. Penye mamilioni ya mafaili, ipeleke usiku.

Rudia hatua ya 3. Hashi tatu zinazofanana, `flac -t` inajibu `ok` kwenye seva2, na `info` inaonyesha sifuri. Tenganisha volumu kwa `umount /mnt/uponyaji`. Folda ya wagonjwa iache wiki chache.

Nakala zinapokinzana

Hali hii hutokea zaidi kwenye volumu za nakala mbili: mtandao unakatika, kila upande unaandika ya kwake, wakikutana kila mmoja anamwona mwenzake ndiye aliyekosa. Mtumiaji hupata `Input/output error`. Hapa hakuna kilichooza. Nakala zote mbili ni halali, na huenda zote zina kazi ya mtu ndani yake.

GlusterFS inakupa njia tatu za kuamua:

```
gluster volume heal taarab split-brain latest-mtime /kanda/orodha.csv
gluster volume heal taarab split-brain bigger-file /kanda/orodha.csv
gluster volume heal taarab split-brain source-brick seva1:/data/briki /kanda/orodha.csv
```

Sipendi ile ya kwanza isipokuwa nimehakikisha saa za seva zinaenda pamoja, kwa chrony au NTP. Ya pili inadhani kubwa ndiyo bora, jambo ambalo kwa orodha iliyofutwa mistari kwa makusudi si kweli. Ya tatu ndiyo ninayoitumia. Nakili nakala zote mbili pembeni, ziweke kwenye `diff`, zisome. Chagua moja kuwa chanzo, acha mfumo upone, halafu ingiza mistari ya ile nyingine kupitia `/mnt/taarab`, mahali volumu ilipopachikwa, kama mtumiaji wa kawaida. Orodha ya kanda ina majina ya waimbaji ambayo mtu alikaa kuyasikiliza na kuyaandika moja baada ya jingine. Siwezi kuyafuta kwa kuangalia saa.

Usielekeze `source-brick` kwa msuluhishi: hana yaliyomo, hawezi kuwa chanzo cha data.

Kuwasha mkaguzi

```
gluster volume bitrot taarab enable
gluster volume bitrot taarab scrub-frequency weekly
gluster volume bitrot taarab scrub-throttle lazy
gluster volume bitrot taarab scrub status
```

Baada ya kuwashwa, faili hutiwa sahihi kama sekunde 120 tangu lilipofungwa mara ya mwisho, na mkaguzi hulipitia kwa ratiba. Soma `scrub status` mwenyewe kila wiki na utazame `Error count`: kwa kuwa wateja watahudumiwa kutoka nakala nzima, hakuna msikilizaji atakayekuja kukuambia. Orodha ya walioharibika hutolewa kwa GFID, na `find -samefile` ya hatua ya 6 itakupa jina.

Kuna mtego hapa. Siku unapomwasha, mkaguzi huyatia sahihi mafaili yote yaliyopo kama alivyoyakuta, na yaliyooza tayari hupata sahihi halali. Kwa hiyo linganisha hashi za briki zote kabla ya kuwasha. Sisi tulipitia kanda zote kwa `flac -t` kwenye seva zote tatu kwanza, kazi ya siku nzima.

Tangu hapo kila kanda inayoingia inatengenezewa hashi kwenye kompyuta iliyoirekodi, kabla haijagusa klasta, na orodha hiyo inakaa nje ya klasta, kwenye mashine nyingine yenye bakapu yake. Mara moja kwa mwezi mashine hiyo hupachika volumu na kuendesha `sha256sum -c --quiet orodha.sha256`. Amri hiyo husoma nakala moja tu ya kila faili, kama msikilizaji anavyofanya, kwa hiyo haichukui nafasi ya mkaguzi wa kwenye briki. Ikitoa mstari wowote, naanza upya kwenye hatua ya 1.